UZI: Kiswahili cha amri hakimtoshi kamanda anayekwenda kulinda amani

Mkongwe wa Doria

Wakuu, heshima kwenu.

Kila ukizuka mjadala wa askari wa Afrika Mashariki kwenye ulinzi wa amani, kuna hoja haikosekani: sisi mashariki ya Congo tuko nyumbani, lugha tunayo, masomo ya utamaduni waachiwe wanajeshi wa India na Uruguay. Nimevaa kofia ya bluu Kivu Kaskazini kwa vipindi viwili na sasa nimestaafu. Nasema kwa uchungu kabisa: lugha tunayo, ila Kiswahili tunachokwenda nacho mara nyingi ni Kiswahili cha amri. Simama. Kaa chini. Leta kitambulisho. Waasi wako wapi? Kwa Kiswahili hicho unaweza kuishi na watu mwaka mzima usiambiwe kitu.

Sitataja kikosi wala jina la mtu. Wengine bado wako kazini.

Nianze na chukudu. Kwa asiyeijua, ni chombo cha mbao cha magurudumu mawili, hakina pedeli wala mnyororo. Watu wa Goma wanakibebea viazi, kabichi, makaa na mbao, mzigo ambao pikipiki ingeukataa. Mlimani mtu anakisukuma, mteremkoni anakipanda na kushuka nacho. Breki yake ni kipande cha tairi kwenye gurudumu la nyuma, anakikandamiza kwa mguu.

Tuliweka kizuizi kwenye barabara inayoshuka kutoka Kibumba kwenda Goma, chini kabisa ya mteremko, kwa sababu kwenye ramani pale palionekana pazuri. Asubuhi ya pili, ukungu haujainuka, kijana akaibuka na magunia manne ya viazi. Askari wa lindo akapaza sauti: simama! Kijana alisikia, na Kiswahili anakijua tangu tumboni. Akakandamiza breki mpaka ule mpira ukaanza kunuka. Chukudu haikusimama. Askari akaona mtu anaamriwa kusimama naye anazidi kuja, akakoki. Kilichomwokoa kijana ni koplo mmoja aliyeusukuma mtutu juu huku akipiga kelele, "Hana breki huyo!" Kijana akaishia mtaroni, viazi vimetapakaa barabara nzima.

Kamanda wetu wa wakati huo alikuwa mtu wa pekee. Hakusema "waambieni raia wajifunze kusimama". Alasiri ileile akaenda kwa miguu walikokusanyika wenye chukudu, akavua kofia, akaketi kwenye gogo, akauliza: ninyi chombo hiki kinasimama wapi chenyewe? Wakacheka, wakamwonyesha sehemu tambarare juu zaidi, wanapopumzikia siku zote. Kizuizi kikahamia huko kesho yake. Na wale vijana wanapita kila mahali, wanaona kila kitu. Baada ya wiki tatu tulikuwa tunajua njia ya Kibumba kuliko ramani yoyote tuliyopewa.

Kisa cha pili kilinitokea mbele ya kamanda mwingine, huko Masisi. Alifika kijijini na magari matano, miwani myeusi usoni, akasimama mbele ya watu kama mia mbili na kuuliza waziwazi waasi wako wapi. Kila mtu akatazama udongo. Mzee mmoja akajibu, "Hapa kuko salama, mukubwa." Kamanda akaandika kwenye ripoti kwamba kijiji ni salama. Siku nne baadaye kiliporwa, nasi tuko kilomita chache tu.

Tulirudi pale na aibu yetu. Mama mmoja akaniambia kwa sauti ya chini: katika wale mia mbili mlikuwa na kaka zao hao waasi, na shemeji zao. Wewe jioni unarudi kambini. Mimi nalala hapa.

Na kuna jambo la tatu, ambalo ofisa wengi hawalijui mpaka wanaondoka. Ukifika Masisi, mtu unayemsalimia kwanza ni hukumu. Kwa mila za huko mwami, yaani chifu, ndiye mshika ardhi, na ardhi ndiyo iliyomwaga damu mwaka 1993 kule Walikale na Masisi, Wahunde na Wanyanga upande mmoja, wanaozungumza Kinyarwanda upande wa pili. Kamanda anayemkumbatia mwami mbele ya watu na kuwapungia mkono wengine ameshatangaza ardhi ni ya nani, na hana habari kabisa. Vivyo hivyo kwa mkalimani. Wazee wengi wanapenda kueleza mambo mazito kwa Kihunde, Kinande au Kinyarwanda, kwa hiyo mkalimani unamhitaji hata kama Kiswahili unacho. Ukienda na mkalimani wa upande mmoja kwa watu wa upande wa pili, utapata maneno safi kabisa yasiyo na kitu ndani.

Naomba waliopita Sudan, Somalia, Msumbiji na kwingineko waongeze.

---

Binti Bukavu

Mzee wangu, aksanti sana kwa uzi huu. Mimi niko Mukongomani, nasoma Dar mwaka wa tatu sasa.

Ngoja niwaambie jinsi Kiswahili chenu kinavyosikika kwetu. Kinasikika kama cha redio au cha mahubiri. Ni kizuri, lakini mama yangu akikisikia anaona haya kujibu, anaogopa atachekwa na "batu" na "bintu" vyake. Kwa hiyo atajibu "ndiyo" kwa kila kitu. Ofisa anaondoka akidhani wamekubaliana.

Halafu kuna maneno yanayofanana na hayafanani. Kwenu bibi ni nyanya, mama wa baba au wa mama. Kwetu bibi ni mke wa mtu. Kuna askari wa kutoka huku alifika kwa jirani yetu, kijana aliyeoa juzi tu, akamwambia kwa heshima zote, "Naomba kuongea na bibi yako." Alikuwa anamtafuta mwanamke mzee wa nyumba ile amuulize habari za kisima. Yule kijana alichosikia ni mwanajeshi mwenye bunduki anamuomba mkewe. Alikaa mlangoni na panga mpaka asubuhi.

Mboga mnayoiita kisamvu, kwetu ni sombe. Ofisa akijua kusema sombe, na akila, watu wataongea mambo yake siku mbili.

Na Lingala. Lingala ndiyo lugha ya jeshi la serikali kwetu. Kwa miaka mingi watu wa mashariki wakisikia Lingala usiku njiani, wanajua ni askari, na mbuzi wanafichwa. Kiswahili kwetu ni lugha ya nyumbani. Lakini Kinshasa ni kinyume chake. Wazee wa kule wanakumbuka Mei 1997, askari wa AFDL, waasi wa Laurent Kabila waliomwondoa Mobutu, walipoingia mjini wakizungumza Kiswahili. Nchi ni moja, na lugha ileile inafariji huku na kuogopesha kule. Kamanda asiyejua hilo atatoa salamu moja kila mahali.

---

Fundi Chuma

Wakuu, naheshimu mchango wa mzee, ila tusiwapotoshe vijana. Tarehe 7 Desemba 2017, kambi ya Semuliki kule Beni ilishambuliwa, tukapoteza zaidi ya askari 10 wa Tanzania usiku mmoja. Wale walikosa nini? Salamu? Sombe? Adui anakuja na bunduki. Kazi ya kamanda ni mahandaki, silaha, mawasiliano na njia ya msaada kufika. Goma iliangukia mikononi mwa waasi wa M23 Novemba 2012 mbele ya walinda amani waliokaa nchini miaka mingi. Kilichobadilisha mambo ni Azimio namba 2098 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa la Machi 2013, ikaundwa brigedi ya Tanzania, Afrika Kusini na Malawi yenye ruhusa ya kushambulia. Novemba mwaka uleule M23 wakashindwa. Nguvu ndiyo iliyofanya kazi.

---

Mkongwe wa Doria

@Fundi Chuma, ndugu yangu, wale wa Semuliki ni wenzetu na sitamruhusu mtu yeyote, mimi mwenyewe nikiwemo, kutumia majina yao kusema walikosa adabu za kijiji. Hawakukosa. Walishambuliwa na kundi lenye silaha nzito na walipigana kwa saa nyingi. Handaki ni handaki.

Lakini tazama miaka iliyofuata. Brigedi ile iliposhinda mwaka 2013 watu wa Goma walishangilia barabarani. Julai 2022 watu wa Goma haohao, na wa Butembo, walivamia kambi za Umoja wa Mataifa, na watu wakafa, raia na walinda amani. Januari 2025 M23 wakaingia tena Goma. Nguvu ilifanya kazi yake miezi minane. Miaka tisa baada ya hapo ilikuwa kazi ya nini? Ya kujua kijiji gani kinaogopa nani, nani amehama usiku, kwa nini soko la Jumatano halina watu leo. Hizo habari hazikai kwenye darubini, zinakaa kwa watu, na watu wanampa habari yule wanayemwamini.

Usitenganishe handaki na salamu. Unachimba handaki kwa kuwa unajua hatari ipo. Nani alikuambia ipo?

---

Omugenyi wa Masaka

Naandika kutoka Uganda. Hilo la "Kiswahili cha amri" limenigusa sana, maana ndiyo historia yetu.

Tangu King's African Rifles ilipoundwa mwaka 1902, Kiswahili kwetu kilivaa gwanda. Kilikuwa lugha ya kambini. Wakati wa Amin ikazidi. Bibi yangu (mama wa baba, isiwe kama ya Binti Bukavu) alikuwa anajua Kiswahili kidogo tu: leta, lala chini, funga mdomo. Alijifunza kwenye vizuizi vya barabarani. Ndiyo maana mpaka leo Baganda wengi wa umri fulani wakisikia Kiswahili wanaona bunduki, ingawa Katiba yetu tangu 2005 inakitaja kuwa lugha rasmi ya pili.

Sasa mwaka 1979 wakaja Watanzania. Mji wetu wa Masaka ulibomolewa vibaya kwa mizinga Februari ile, sitaficha, wazee bado wanasema. Lakini bibi alikuwa na hadithi nyingine pia. Anasema askari kijana wa Tanzania alifika uani, akaweka bunduki mgongoni, akainama kidogo na kusema "Shikamoo mama." Bibi hakujua kujibu marahaba. Hakuwahi kusikia Kiswahili cha kuamkia. Alisema ndiyo mara ya kwanza kugundua kwamba lugha ile ina adabu ndani yake. Akampa ndizi. Askari hao tuliwaita Bakombozi, na Kampala ilipochukuliwa tarehe 11 Aprili watu walicheza mitaani nao.

Mzinga uleule na shikamoo ileile ni jeshi moja. Watu wanakumbuka vyote viwili.

---

Garissa Kwetu

Nitaongezea upande wa Somalia, maana Wakenya tuliingia huko Oktoba 2011 na mji wa bandari wa Kismayu ukachukuliwa mwaka uliofuata.

Sisi Wasomali wa Kenya tulikuwa tunaulizwa maswali ambayo yangepaswa kuulizwa kabla ya gari la kwanza kuvuka mpaka. La kwanza kabisa: mtu akifa kwa bahati mbaya, unaomba radhi kwa nani? Afisa wa kutoka bara atasema kwa baba wa marehemu. Nilihadithiwa kisa cha namna hiyo: gari la kijeshi lilimgonga mtu, kamanda akaenda siku ileile, kwa nia njema kabisa, akampa baba pesa mkononi na kumpa pole. Akarudi akiwa ametulia moyo. Ukoo ukakasirika kuliko mwanzo.

Kwa Wasomali damu si ya baba peke yake. Kuna diya, yaani fidia ya damu, na ni ya ukoo mzima: kimila ngamia 100 kwa mwanamume, 50 kwa mwanamke, hata kama siku hizi inahesabiwa kwa pesa. Wanaotoa ni ukoo na wanaopokea ni ukoo, mbele ya wazee, na ikishapokelewa neno limekwisha. Ukimpa baba bahasha faraghani umemfanya aonekane ameuza damu ya ndugu zake. Kamanda angetuma mtu kwanza kuuliza: wazee wenu tuwaone lini, chini ya mti gani? Angekaa siku mbili akinywa chai ya maziwa na kusikiliza hotuba ndefu. Siku mbili hizo zingekuwa ulinzi mzuri kuliko magunia ya mchanga.

Na Kismayu ina koo za Ogaden, Marehan, Harti na nyingine. Ukipangisha nyumba, ukiajiri madereva, ukinunua maji ya lori, umeshachagua upande kama hukuuliza. Mwaka 2013 koo zilipigana mjini humo juu ya nani atawale Jubaland, jimbo lile la kusini mwa Somalia, na kila mtu alikuwa anahesabu mgeni anakunywa chai kwa nani.

---

Mama Kombati

Niongeze moja tu. Nimetumikia kwenye doria za wanawake. Kamanda alikuwa anakutana na wanaume barazani, anatoka na orodha: barabara, daraja, minara ya simu. Sisi tulikwenda kisimani saa kumi na mbili asubuhi, tukabeba ndoo na wanawake wa kijiji. Kwa siku tatu hawakusema chochote zaidi ya kutucheka jinsi tunavyobeba. Siku ya nne mmoja akasema: njia ya mashamba ya chini hatupiti tena, tangu mwezi uliopita. Barazani hakuna mwanamume aliyeitaja njia hiyo, kwa sababu wao hawaendi kuchota maji.

Afande alipoambiwa alihamisha doria ya alfajiri ipite huko. Alikuwa msikivu. Ila alishangaa kwamba hakuwahi kuuliza.

---

Mnyasa wa Mtwara

Wakuu, na sisi wa mpakani na Cabo Delgado, jimbo la kaskazini mwa Msumbiji, tuna la kusema. Julai 2021 wanajeshi wa Rwanda walipofika kupambana na wapiganaji wa kule, kama elfu moja hivi, tulisikia kwa ndugu zetu wa ng'ambo ya Ruvuma jambo la kwanza lililowashangaza: wanaongea nasi! Askari wengi wa serikali wanatoka kusini, wanazungumza Kireno na lugha za huko, na pwani ile watu ni Wamwani, Wamakonde na Wamakua. Kimwani na Kiswahili ni majirani wa karibu, na Kiswahili chenyewe wavuvi na wafanyabiashara wanakijua. Agosti mwaka huo mji wa Mocímboa da Praia ulikombolewa, na watu waliokuwa porini walianza kutoka.

Lakini Kiswahili hichohicho ndicho walichokuwa wanahubiria wapiganaji, na kati yao walikuwemo vijana wa upande wetu. Mama aliyejificha kichakani akisikia Kiswahili usiku, atoke au asitoke? Shangazi yangu alinijibu swali hilo. Anasema alitoka kwa sababu aliyeita aliuliza kwanza, "Watoto wamekula?" Wale wengine hawakuwahi kuuliza.

---

Luteni Mtarajiwa

Shikamooni wazee. Nimesoma uzi mzima mara mbili. Swali langu ni la mwanafunzi: haya yanafundishwaje? Semina za kabla ya kuondoka tunaambiwa mambo mengi kwa slaidi: dini zao, vyakula vyao, msitumie mkono wa kushoto. Tunaandika, tunafaulu mtihani, tunasahau.

---

Mkongwe wa Doria

Marahaba mwanangu. Umeuliza swali lenyewe.

Slaidi za "wao wako hivi" zina hatari yake. Zinakupa watu wa kwenye karatasi. Ukifika Masisi unamtafuta yule Mhunde wa kwenye slaidi na hayupo; yupo mwalimu wa shule ambaye hajalipwa miezi saba na ana mawazo yake. Afadhali usijue na uulize kuliko ujue vibaya na ukaamuru.

Ningekuwa na uwezo ningefanya hivi. Chuo chetu cha maofisa kiko Monduli, Wamaasai wamekizunguka pande zote. Ni wangapi wamewahi kulala bomani siku tano bila sare wala silaha? Wapelekwe wawili wawili. Wasipewe somo, wapewe maswali ya kurudi na majibu yake: nani hakuwepo kwenye kikao na kwa nini, maji ni ya nani, mgogoro wa mwisho uliishaje na nani alitamka kwamba umekwisha. Na swali gumu kuliko yote: ni jambo gani ulilofanya liliwaudhi, na nani alikuambia? Ukirudi huna jibu la hilo la mwisho, maana yake hakuna aliyekuamini kiasi cha kukukosoa. Rudi tena.

Pili, wajifunze kukataa. Hili hakuna anayelifundisha. Kule Kivu utakaribishwa kasiksi, pombe ya ndizi, na uko kazini. Kamanda wetu yule wa chukudu alikipokea kibuyu kwa mikono miwili, akakigusisha mdomoni, akashukuru, akampa mzee aliyeketi kulia kwake. Hakunywa hata tone, na hakuna aliyeona amekataliwa. Mwingine alinyoosha kiganja na kusema "hapana, niko kazini". Alikuwa sahihi kwa mujibu wa kanuni, na kikao kikaisha palepale.

Tatu, mkabidhi mwenzako watu, usimkabidhi vifaa tu. Tunakaa huko mwaka mmoja hivi, tunaondoka, anayekuja anaanza upya na wazee walewale wanajieleza kwa mara ya kumi. Wamechoka. Siku mbili za makabidhiano zitumike kutembea na mgeni nyumba kwa nyumba: huyu ndiye atakayekaa badala yangu, na huyu ndiye mama aliyetuambia habari ya njia. Hapo mama ataamua mwenyewe kama anamtaka.

---

Binti Bukavu

Mzee, nina swali moja limenikaa rohoni tangu juzi. Yule kijana wa chukudu, viazi vyake mulimulipa?

---

Mkongwe wa Doria

Tulilipa, mwanangu. Tuliokota vilivyopona, askari saba tumeinama barabarani na yule aliyekoki bunduki akiwa mmoja wao. Vilivyopondeka kamanda alitoa pesa mfukoni mwake. Kijana alinyoosha mkono kupokea, kamanda akamuuliza kwanza, "Mzigo ni wa nani?" Ulikuwa wa mama mmoja wa soko la Virunga. Tukampakia kijana na chukudu yake nyuma ya gari tukampeleka mpaka pale sokoni, akamwita mama mwenyewe, na kamanda akampa pesa mbele ya wenzake wote wa meza ile ya viazi ili kesho asije akamdai kijana. Mama alizihesabu mara mbili, akatoa noti moja akamrudishia. Alisema tumemlipa na vile ambavyo havikupondeka.